Naomba ushauri: RX 580 ya mtumba inatoa Code 43. Niiflashi BIOS au chipu imekufa?

Chumbageni_PC

Habari za jioni wakuu.

Nina kadi ya grafiki ya AMD, RX 580 ya GB 8, ya mtumba, imekuja na basi kutoka Dar. Mashine ni Core i5 ya kizazi cha 6 yenye grafiki yake ya ndani, RAM GB 16, pawa saplai ya wati 550. Kadi ikichomekwa, picha inatoka safi, nembo ya mazabodi inaonekana na Windows 10 inawaka. Shida inaanza nikiweka draiva ya AMD. Kioo kinazima kidogo, kinarudi na picha kubwa isiyo na ukali, na kwenye Device Manager kuna alama ya njano, Code 43 (Windows imeisimamisha kadi kwa kuwa imeripoti hitilafu). Draiva za zamani nimeshazifuta kwa DDU (programu ya kufuta draiva) nikiwa Safe Mode, nimejaribu draiva mpya na ya nyuma, nimebadilisha waya wa pini 8. Hali ni ile ile.

Hakuna mistari wala vidoa vya rangi kwenye kioo, na feni zote mbili zinazunguka. Fundi mmoja hapa mjini kasema iflashiwe BIOS (programu ya ndani ya kadi iandikwe upya), mwingine kasema chipu imekufa. Wanaozijua hizi kadi, nianzie wapi? Na nitajuaje kama kuflashi kutasaidia kabla sijaigusa?

fundi_voltmita

Mkuu, picha safi bila draiva halafu Code 43 draiva ikiingia, kwa ukoo wa RX 470 hadi 580, mshukiwa wa kwanza ni BIOS iliyochezewa na wachimbaji wa sarafu za kidijitali. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi za grafiki ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi zikaingia sokoni na BIOS zile zile za kuchimbia. Walikuwa wanashusha kasi ya GPU ili kuokoa umeme, wanapandisha ya memori, halafu wananakili vipimo vya muda vya memori kutoka kasi ndogo na kuvibandika kwenye kasi kubwa. Faili likishahaririwa hivyo, sahihi ya kidijitali ya AMD haisomi tena. Draiva ikiamka inakagua ile sahihi, ikikuta haiko sawa inagoma.

Ila Code 43 peke yake haitoshi kutoa hukumu. Memori mbovu nayo huileta, kwa sababu bila draiva Windows inagusa kipande kidogo tu cha memori. Picha inaweza kuwa safi kabisa huku chipu moja imechoka. Kama ungekuwa unaona vidoa tangu kwenye nembo ya mazabodi, ningekwambia usipoteze muda na BIOS. Kwa hali yako, inafaa kuchunguza.

Fungua GPU-Z (programu ya kusoma taarifa za kadi) utuletee Device ID, Revision, idadi ya Shaders (vitengo vya kuchakata) na kampuni iliyotengeneza memori. Nafasi nyingine zitakuwa tupu kwa kuwa draiva haijawaka, usishtuke. Kisha toa nakala ya BIOS iliyopo kwa amdvbflash (programu ya kusoma na kuandika BIOS za kadi za AMD), ifungue kwa Polaris BIOS Editor. Kusoma tu, usihifadhi kitu humo.

Makorora21

Mnamchosha bure jamaa. Kuna Pixel Clock Patcher, unaibonyeza, unarestati, draiva inakubali. Dakika moja.

fundi_voltmita

@Makorora21 draiva itakubali kweli, lakini hiyo inaifumba macho tu isikague sahihi. Memori inabaki kwenye vipimo vya mgodini. Mchimbaji anavumilia kosa moja moja la memori, anatupa jibu bovu na kuendelea. Gemu halivumilii, linaganda au kioo kinakuwa cheusi. Juu ya hapo, kila ukisasisha draiva itabidi upachike upya. Kadi ya kutumia nyumbani irudishiwe BIOS ya kiwandani.

Chumbageni_PC

Shukrani wakuu. GPU-Z inasema Device ID 1002 67DF, Revision E7, Shaders 2304, GDDR5 ya Samsung, basi ya biti 256. Kwenye editor: GPU 1150 MHz, memori 2150 MHz, na ile mistari mirefu ya vipimo vya memori kwa 1750 na 2000 inafanana na ya 1500 herufi kwa herufi. Kadi haina swichi ya BIOS pembeni, nimeitafuta.

pini_nane

Basi jibu lipo hapo. Mistari ya 1750 na 2000 kufanana na ya 1500 ni kazi ya mchimbaji, kiwandani haitoki hivyo. RX 580 ya kawaida memori yake ni 2000 MHz, na GPU inapanda hadi 1340 kwa muundo wa AMD wenyewe. Kadi za makampuni huzidi kidogo.

Umefanya vizuri kuleta Revision na Shaders kwanza, watu wengi wanaruka hapo. E7 yenye 2304 ni RX 580 kamili. Ingekuwa EF ni RX 570 iliyobandikwa stika. Ingekuwa Device ID 6FDF ni ile RX 580 ya 2048SP, ambayo kwa ndani ni kama 570. BIOS haiongezi shaders zilizofungwa kiwandani, na ukimpa 2048SP faili la 580 kamili unaweza kukosa picha kabisa.

Sasa faili. Nenda kwenye hazina ya BIOS za kadi ya tovuti ya TechPowerUp, tafuta kampuni na modeli yako kamili kama ilivyoandikwa kwenye stika ya nyuma ya kadi, GB 8. Kila faili kule lina maelezo ya memori linazozifahamu. Hakikisha Samsung imo. BIOS inabeba vipimo vya kila aina ya memori inayoihudumia. Ukiweka yenye Hynix na Micron tu, kadi yako haitajua namna ya kuongea na memori yake na itakaa kimya. Linganisha pia matundu ya nyuma: HDMI ngapi, DisplayPort ngapi, DVI ipo au haipo. Yakitofautiana, kuna tundu litakufa hata kama kadi imewaka.

Utaratibu wenyewe: hamishia waya wa kioo kwenye mazabodi, na kwenye BIOS ya mashine chagua grafiki ya ndani iwe ya kwanza. Kadi ibaki kwenye sloti na pini 8 imechomekwa. Futa draiva kwa DDU tena ili isiwe inaishika kadi. Weka amdvbflash na faili jipya kwenye C:\kadi, fungua CMD kwa Run as administrator, kisha:

cd C:\kadi
amdvbflash -i
amdvbflash -s 0 zamani1.rom
amdvbflash -s 0 zamani2.rom
certutil -hashfile zamani1.rom SHA256
certutil -hashfile zamani2.rom SHA256

Amri ya pili inakuonyesha kadi yako ni namba ngapi, kwa kawaida 0. Zile hashi mbili (alama za utambulisho wa faili) lazima zifanane. Zikitofautiana, usomaji hauaminiki na uandishi hautaaminika pia. Simama hapo, safisha meno ya kadi na sloti. Zikifanana, nakili zamani1.rom kwenye flashi disk, kisha:

amdvbflash -p 0 mpya.rom

Inachukua chini ya dakika. Usifunge dirisha. Mwisho itakuonyesha SSID (namba ya utambulisho wa modeli ya kadi) ya zamani na mpya na kukuambia urestati. Mimi napendelea kuzima kabisa, kuchomoa waya wa umeme ukutani kidogo, ndipo kuwasha.

Ikigoma kwa kudai SSID hailingani, hiyo ni breki ya kweli. Faili ni la kadi nyingine. Mtandaoni wanakimbilia kuongeza -f; usiiongeze mpaka urudi kwenye stika uhakikishe modeli. Ikidai ROM imefungwa, amri ni amdvbflash -unlockrom 0 kisha urudie.

BintiSahare

Naongeza mawili, kwa mazingira yetu ya Tanga.

La kwanza ni umeme. Usiflashi bila UPS, na usichague jioni ambayo taa zinachezacheza. UPS ndogo ya 650 VA inatosha kabisa, maana wakati wa kuflashi kadi haifanyi kazi nzito. Ukikatika katikati ya uandishi, BIOS inabaki nusu.

La pili ni chumvi. Kwa anayekaa karibu na bahari, Raskazone au Sahare, upepo wa kusi unaacha utando kwenye meno ya kadi, hasa mashine ikiwa dirishani. Kabla ya hatua yoyote ya @pini_nane, chomoa kadi, futa meno kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, acha ikauke. Spiriti ya dukani ya kidonda ina maji mengi, haifai. Utando huo ndio huleta usomaji usiofanana.

Chumbageni_PC

Asante dada, nitaanza na kusafisha. Na ikitokea imekufa kabisa, haina picha wala amdvbflash haiioni?

pini_nane

Ndiyo sababu ya kuwa na grafiki ya ndani. Kadi nyingi "zilizokufa" kwa BIOS mbovu bado zinaonekana kwenye amdvbflash -i, unarudisha zamani1.rom tu.

Isipoonekana, itakubidi uende kwa programa ya CH341A (kifaa cha kusoma na kuandika IC moja kwa moja) na klipu ya miguu 8. Ulizia kwa mafundi TV pale Ngamiani, wengi wanayo kwa ajili ya IC za TV. IC ya BIOS kwenye RX 580 ni ya familia ya 25, miguu 8, kwa kawaida ya volti 3.3 na ukubwa wa KB 512. Soma maandishi juu yake kwa kioo cha kukuzia kabla ya kubana, kwa kuwa kadi mpya zaidi zinatumia za volti 1.8 na utaiunguza. Kadi iwe nje ya mashine. Waya mwekundu ukae mguu wa 1, penye kidoti. Na faili lako likiwa la baiti 262,144, programa italalamika kwamba ni dogo kuliko IC: lijaze FF (baiti tupu) mpaka lifike 524,288. Soma mara mbili, linganisha, futa, andika, hakiki. Ikisoma FF tupu, klipu haijashika.

Makorora21

Wakuu nami nidandie. GTX 1060, kioo cha DisplayPort kinakaa cheusi mpaka Windows iingie. Nayo niiflashi?

fundi_voltmita

Hiyo ni tofauti. NVIDIA walitoa programu yao rasmi mwaka 2018 ya kusasisha fimuwea kwa vioo vya DisplayPort 1.3 na 1.4, kwa kadi za Maxwell na Pascal, na 1060 yako imo. Inakagua yenyewe kama kadi inahitaji. Unganisha kwa HDMI au DVI, iendeshe, basi. Usitafute faili mtaani.

Chumbageni_PC

Mrejesho. Meno yalikuwa na utando kweli. Hashi zilifanana, flashi imepita, draiva imekubali na Code 43 haipo. Sasa nimeendesha memtest_vulkan (programu ya kujaribu memori ya kadi): mwanzoni safi, kadi ikishapata moto inatoa makosa machache. GPU iko nyuzi 83.

pini_nane

Kwa hiyo ilikuwa na magonjwa mawili, na la BIOS limekwisha. Makosa yanayokuja na joto hayatibiwi na faili lolote. GDDR5 haina kipimajoto cha kusomeka, kwa hiyo 83 ya GPU haikuambii memori ziko ngapi.

Fungua hitisinki. Badilisha pesti, kagua zile pedi za memori nane: zikiwa zimekauka au zina mafuta, weka mpya za unene ule ule, pima kwa kalipa pale ambapo pedi haijabonyezwa. Nene kupita kiasi inainua hitisinki na GPU ndiyo itakayoungua.

Ukifunga, rudia jaribio kwa nusu saa na HWiNFO (programu ya kuonyesha vipimo vya mashine) ikiwa wazi kwenye mstari wa GPU Memory Errors. Bado yapo? Shusha memori hadi 1900 ndani ya programu ya AMD, kisha 1850, mpaka mstari ule ubaki sifuri. Kwenye gemu hutahisi tofauti kubwa. Ikikosea hata kwenye 1750, kuna chipu ya kubadilisha kwa mashine ya BGA (ya kung'oa na kuchomelea chipu). Hapo ulizia bei ya kazi kwanza, kwa sababu inaweza kukaribia bei ya kadi yenyewe.