Majirani wa Kefinco, Kakamega

Mama Pacha: Mulembe majirani. Mwalimu wa watoto anataka historia ya mtaa wetu, ukurasa mmoja, kesho asubuhi. Mimi niliolewa tu hapa. Nisaidieni.

Fundi: Andika chuo kikuu kilikuja, hosteli zikafuata.

Mwalimu Mstaafu: La, mwanangu, anza na maji. Kefinco, tunapotoa jina la mtaa, ulikuwa mradi wa maji wa Kenya na Ufini. Ulianza 1981, ukachimba visima vya pampu ya mkono Kakamega, Bungoma na Busia, na kukinga chemchemi. Kabla ya hapo mama zetu walichota dimbwini, ng'ombe wakinywa papo hapo. Mafundi walijenga ukuta wa saruji mbele ya jicho la maji, wakatoa bomba, wakafunika nyuma kwa mawe na udongo, wakachimba mtaro juu ili maji ya mvua yasiingie. Watoto waandike hayo yote, tafadhali.

Mama Duka: Nimechota kwenye bomba la namna hiyo tangu utotoni. Baridi hata Januari!

Mpangaji: Shikamoo Mwalimu. Na chuo je?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Kilianza 1972, tukikiita WECO, yaani Western College, chuo cha harambee. Watu walichanga. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, 2007 kikawa kamili, kikaitwa Masinde Muliro.

Mama Duka: Hapo ndipo mahindi na migomba ilipogeuka ploti. Lakini tusiwalaumu wanafunzi. Mandazi waliyonunua kwangu ndiyo yaliyolipa karo ya wanangu wote.

Mwalimu Mstaafu: Siwalaumu hata kidogo, dada. Vitanda vya chuoni havitoshi, lazima walale mahali. Ninachoogopa ni mashimo ya vyoo. Choo kikiwa juu ya chemchemi, uchafu unashuka chini kwa chini mpaka kwenye bomba, na ukuta ule hauwezi kuuzuia.

Mama Pacha: Kwani ile hosteli mpya, shimo linachimbwa juu au chini ya chemchemi yetu?

Fundi: Juu. Nimepita asubuhi, wamefika kifuani.

Mwenyekiti: Nimesoma. Mwenye ploti nina namba yake, nampigia sasa. Afisa wa afya ya jamii pia nitamwita. Tukutane pale saa kumi.

Mwalimu Mstaafu: Asante, Mwenyekiti. Mama Pacha, njoo na watoto, na daftari zao.