Je, tunaweza kuachana kwa kukaa mezani, bila kuburuzana mahakamani?

MamaWawili: Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tuna ndoa ya serikali ya miaka kumi na moja, hapa Mwanza, na watoto wawili, wa miaka tisa na mitano. Hakuna aliyempiga mwenzake. Tumechokana, na sote tunakiri hivyo. Jumapili, watoto walipolala, tulichukua daftari la hesabu la mkubwa tukaorodhesha tulivyo navyo: bajaji mbili, deni la benki, nyumba ya Nyegezi. Tulipofika kwenye nyumba, ambayo hati yake ina jina lake peke yake, tulinyamaza. Ndugu yangu aliyeko Marekani anasema huko wapo wanaomaliza haya mezani, kila mmoja akiwa na wakili wake. Kwetu inawezekana?

Wakili wa Kirumba: Pole, dada. Inawezekana, ila meza haiwezi kuwa mwisho wa safari, kwa sababu kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa kama yenu huvunjwa na mahakama, nayo hairidhiki kwa kuambiwa tu kwamba mmekubaliana. Hutaka ioneshwe kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kabla ya hapo, kifungu cha 101 kinawataka mpitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ambalo likishindwa kuwapatanisha huwapa hati ya kuthibitisha hivyo. Wengi huligeuza baraza kuwa mahali pa kugongewa muhuri tu.

Kuhusu nyumba, jina kwenye hati halimalizi hoja. Kifungu cha 114 huangalia mchango wa kila mmoja, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, ingawa Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Ingieni mezani mkilijua hilo.

Mbeba Maboksi: Naishi Minneapolis, ambako utaratibu anaousema ndugu yako ulianzia mwaka 1990, pale wakili Stuart Webb alipochoshwa na kesi za kubomoana akaamua kushughulikia talaka za mapatano tu. Kiini chake ni ahadi: wanandoa na mawakili wao hutia saini kwamba mazungumzo yakivunjika na shauri likaenda kushindaniwa mahakamani, mawakili wote wawili watajiondoa. Wakili wa namna hiyo hana anachovuna kwa kuchochea ugomvi. Kila upande huweka wazi mali na madeni yake, na mara nyingi mtaalamu mmoja wa fedha huwahudumia wote. Hata huku, hata hivyo, amri ya talaka hutolewa na mahakama.

Bibi Afisa Ustawi: Mwanangu, hujamtaja mtoto mdogo ila kwa umri. Sheria hudhania kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Nimeona wazazi wakibadilishana, huyu achukue nyumba na yule achukue mtoto, kana kwamba wanagawana vyombo. Andikeni ya watoto kwanza, kwenye ukurasa wake peke yake: ada, matibabu, likizo za shule.

MamaWawili: Shikamoo bibi, nimekuelewa. Ahsanteni nyote. Jana tulifungua ukurasa wa watoto, kisha yeye mwenyewe akaongeza kwenye safu ya madeni mkopo ambao sikuwa nikiujua.