Tairi mpya za karavani ya ekseli moja: ST, za kibiashara au za gari dogo?

Mpigakambi wa Rongai
Wadau, ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Karavani yangu ni ya ekseli moja yenye rimu za inchi 14, na ilipopimwa ikiwa imejaa maji, gesi na vyombo, mizani ya mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu pale Industrial Area ilisoma kilo 1,400. Tairi zilizopo hazijawa vipara, ila kuta zake zimejaa nyufa za jua. Nimetajiwa aina tatu: tairi maalumu za trela zenye alama ST, saizi 205/75R14 ya daraja C la uwezo wa mzigo, tairi za kibiashara 195R14C zenye namba 106/104, na tairi za gari dogo 195/70R14 zenye namba 91, ambazo bei yake ndiyo ya chini kabisa. Safari zangu nyingi ni za Nanyuki na Samburu, na mara mojamoja Mombasa.

Fundi wa Kirinyaga Road
Hizo za gari dogo zifute mapema. Namba 91 ina maana ya kilo 615 kwa tairi, yaani 1,230 kwa zote mbili, na hata ukiondoa kilo mia moja hivi zinazoegemea ndoano ya gari, bado umezidisha mzigo. ST ya daraja C hubeba kilo 798 kwa upepo wa psi 50. Hiyo ya 106 hubeba kilo 950 kwa psi 65. Namba ya pili, 104, ni ya magurudumu pacha, kwa hiyo haikuhusu. Usihofu kuhusu tairi kugusa madigadi, kwa maana kimo cha ST ni takriban milimita 663 na cha 195R14C ni 666.

Binti Nyika
Kwa heshima zote, Fundi, uzito si hoja pekee. ST imeundwa kwa gurudumu linalovutwa tu, lisilosukuma wala kuongoza gari, na ukuta wake mgumu hupunguza kuyumba kwa karavani basi linapokupita kwa kasi. Mimi ninavuta ya ekseli mbili, na kila ninapoikunja kona kali kambini ninaona tairi moja ikiburuzwa kiubavu hadi ukuta unapinda na changarawe zinaruka. Hapo sitaki kitu kingine. Kumbuka tu kwamba ST nyingi zina kikomo cha maili 65 kwa saa, yaani kama kilomita 105, isipokuwa ziwe na alama ya mwendo wa juu zaidi.

Mzee wa Trela
Binti yangu, kwa ekseli mbili ninakubaliana nawe kabisa, lakini mwenzetu ana ekseli moja, na kuburuzwa huko hakumpati kwa kiasi hicho. Swali langu kwake ni jingine: hizo ST zilitengenezwa lini? Tafuta neno DOT ubavuni, kisha usome tarakimu nne za mwisho. 1823, kwa mfano, ni wiki ya 18 ya mwaka 2023. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, kwa hiyo zisome kabla tairi haijafungwa kwenye rimu. Hapa Nairobi wanunuzi wa ST ni wachache, na tairi inaweza kuzeeka dukani ikiwa bado inang'aa. Za kibiashara huvaliwa na vani na pikapu, kwa hiyo hununuliwa haraka, na ukipasukiwa Isiolo una matumaini ya kupata nyingine. Karavani hukaa imeegeshwa miezi mingi, basi mpira wake humalizwa na umri kabla ya barabara. Mimi huzibadilisha zikifika miaka mitano au sita. Ningechukua 195R14C tatu za tarehe moja, pamoja na ya akiba.

Mpigakambi wa Rongai
Shikamoo Mzee. Nimeangalia: ST zina umri wa miaka minne, za kibiashara hazijafikisha mwaka. Nitachukua za kibiashara. Je, nizijaze psi 65 nikiwa hapa Nairobi hata ninapoteremka Mombasa, kwenye joto?

Fundi wa Kirinyaga Road
Jaza asubuhi, tairi zikiwa baridi, na usipunguze njiani zikipata moto. Nairobi ina kimo cha mita 1,800 hivi, na ukifika usawa wa bahari hewa nzito ya huko hufanya geji isome pungufu kwa karibu psi 3. Joto nalo hurudisha kiasi fulani, kwa hiyo pima upya asubuhi ya kwanza ukiwa pwani. Lakini kabla ya yote, hakikisha rimu zako zinaruhusu psi 65, na ufungiwe valvu za chuma, kwa kuwa valvu za mpira za kawaida hufikia kikomo chake hapohapo. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hivi. Ukielekea Nanyuki, simama Murang'a uzikague.