Nimefungua mwenyewe gurudumu la mbele la Land Cruiser mkonga wangu, spea nilizolipia kufungiwa hazimo!

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika mikono bado ina grisi mpaka viwikoni na nina hasira, mtanivumilia.

Gari ni Land Cruiser mkonga, HZJ78 ya 2004, injini 1HZ. Mwezi wa tatu ekseli ya mbele ilianza kuvuja pande zote mbili, kwenye yale mabakuli ambapo gurudumu linakatia kona. Wenye gari hizi mnajua: sili ya ndani ikichoka, oili ya difu (zile gia za ekseli) inapita, inaingia kwenye bakuli, inaiyeyusha grisi, halafu mchanganyiko wote unatoka na kupaka tairi kwa ndani.

Nilinunua vitu mwenyewe. Beringi nne za Koyo za kukatia kona, beringi za magurudumu, sili zote, gasketi, makopo mawili ya grisi yenye molibdeni. Nikapeleka gereji moja hapa Arusha, jina naliacha. Ufundi laki tatu na nusu. Sikubishana bei, kazi ile ikifanywa kiungwana ni ya siku mbili. Nikaambiwa wateja hawaruhusiwi ndani, nisubiri simu. Simu ikaja jioni ileile, gari tayari. Nilipaswa kushtuka palepale.

Wiki mbili zilizopita natoka Engaresero, kule Ziwa Natron, na familia. Makorongo yote tumevuka salama, tumefika lami ya Mto wa Mbu, nikigusa spidi 70 usukani unaanza kutetemeka kiasi kwamba siwezi kuushika kwa mkono mmoja. Nyuma nina watoto watatu. Nimekuja mwendo wa 40 mpaka nyumbani, malori yananipigia honi njia nzima.

Jana nimepandisha gari kwenye stendi, nimeazima soketi ya 54 mm, nimefungua upande wa kushoto.

Nati mbili kubwa za habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimejaa makovu ya patasi. Gereji inayolipisha laki tatu na nusu haina soketi, inakaza nati za gurudumu kwa patasi na nyundo! Ile washa ya kufuli inayokaa kati ya hizo nati haikukunjwa hata upande mmoja. Yaani hakukuwa na kitu chochote kinachozuia nati isilegee, na mimi nimebeba wanangu humo miezi sita.

Nikaendelea. Grisi kwenye bakuli ni nyeusi, nyepesi kama uji, inanuka oili ya difu. Sili ya ndani nikaing'oa: ni ileile ya zamani, mpira umekakamaa, nimeukunja umekatika. Kwa nje wamezungushia silikoni nyekundu ili isivuje siku ninapokabidhiwa gari. Beringi za kukatia kona nazo ni za zamani. Zina vishimo vya kuchimbika palepale zinapokaa gari likienda mbele, ukizungusha kwa kidole unasikia zinakwama katikati. Huo mtetemo wa usukani ulitoka hapo. Koyo zangu nne zimekwenda wapi?

Nimempigia fundi. Ananijibu, "Bosi, sisi tulifunga ulichotuletea." Nina picha za maboksi, nina risiti. Akakata simu.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko hela. Nimefuata ule mpira wa kupumulia ekseli, umezibwa na tope kavu, nikapuliza hewa haipiti kabisa. Difu ikipata moto hewa inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili. Hata wangefunga sili mpya ingevuja tena. Kuuzibua nimetumia waya na dakika tano. Hakuna aliyejishughulisha kuuangalia.

Sasa wale mnaosema kila siku humu kwamba mwenye gari asishike spana, amwachie fundi: fundi gani? Mimi si makanika. Nimepoteza saa nzima kutoa zile washa za koni kwa sababu sikujua kwamba unagonga habu kwa nyundo ya shaba mpaka ziruke zenyewe. Lakini nimeosha kila kipande kwa dizeli, nimekaza nati, nikazungusha habu, nikalegeza, nikakaza tena mpaka inazunguka laini bila kucheza, na washa nimeikunja. Kuanzia leo gari langu halifungwi mahali nisipoweza kusimama na kuangalia, na spea ya zamani naondoka nayo mkononi.

Upande wa kulia nafungua kesho jioni, na nina hakika nitakuta yaleyale. Kwa hiyo nahitaji tena sili za ndani na beringi za kukatia kona, za pande zote mbili. Aliyenunua OG (orijino) Arusha au Moshi karibuni, akazifunga na zikadumu, naomba anielekeze duka.