Ziwa gani karibu na Nairobi naweza kuogelea, na mwezi gani maji hayana baridi?

Mbizi_wa_Umoja
Wasee, habari za jioni. Naomba ushauri. Mimi huogelea bwawani, mita 1,500 naenda bila kusimama, na Desemba mimi na wenzangu tumejiandikisha kwa shindano la baharini Mombasa. Kocha anasema bwawa halitoshi. Baharini hakuna ukuta wa kujisukumia wala mstari chini wa kukuonyesha njia, kwa hivyo nianze kuzoea maji ya wazi. Shida ni kwamba huu ni Julai, na hata bwawa la hapa nikiingia asubuhi meno yanagongana.

Nimetafuta joto la maji ya maziwa yetu mwezi kwa mwezi, naletewa ya Ulaya tu: subiri Agosti, maji yapate joto. Kwetu Agosti si ndiyo baridi yenyewe? Nilikuwa nafikiria Naivasha kwa sababu ni karibu. Niende mwezi gani? Na ile suti ya mpira ya kuogelea kwenye baridi ninunue? Bei yake pekee imenitoa jasho.

KijanaWaKaragita
Ndugu, Naivasha usiulize joto, uliza kiboko. Mimi ni wa huku. Usiku wanatoka kula nyasi, mchana wako majini, tena pale pale ukingoni ambapo wewe ungeingilia. Na ziwa limepanuka: 2020 maji yaliingia hadi mtaa wa Kihoto, watu wakahama, kwa hivyo viboko nao wamesogea karibu na nyumba. Wavuvi wanaoingia na nyavu kwa miguu wanaumizwa. 2018 mtalii wa Taiwan aliuawa ufukweni, hata majini hakuwa.

Ukitaka kujua baridi, ziwa liko kama mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya katikati ya Nairobi. Asubuhi ni baridi mwaka mzima, alasiri upepo unachafua maji. Kula samaki, panda boti na jaketi lako, rudi nyumbani.

Mkamba_Asilia
Bwawa la Masinga kwenye mto Tana pia ulifute. Maji ni vuguvugu kwa sababu kule ni chini, lakini mamba wa Tana haulizi kama uko kwa mazoezi.

BudaBoss
Nairobi Dam iko hapo Lang'ata, bure. Magugu yamejaa mpaka huhitaji kuogelea, unavuka kwa miguu 😂

Mzee_wa_Lang'ata
Wewe cheka, lakini pale watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga. Majitaka ndiyo yaliyolimaliza.

Nyar_Dunga
Hujambo Mbizi. Ya Ulaya achana nayo, huku ikweta hayatusaidii. Huko jua linakuja na kuondoka, ndiyo maana maji yao yana msimu. Ziwa Victoria tofauti ya mwezi wa joto na mwezi wa baridi ni nyuzi mbili tatu tu. Juu maji yako kati ya 24 na 27 hivi. Juni hadi Agosti yanapoa kidogo kwa sababu upepo wa kusini unayakoroga, ya chini yanapanda juu. Bado ukitoka kwenye bwawa la Nairobi mwezi wa Julai utahisi umewekewa maji ya kuoga.

Kinachobadilika kweli ni saa. Asubuhi ghuba ya Kisumu imetulia kabisa. Kuanzia mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi yale mafupi mafupi yanakupiga usoni kila ukigeuka kuvuta pumzi. Kama wataka kuzoea bahari, hayo ndiyo mazoezi, lakini uwe na boti kando yako.

Jambo la pili ni mvua. Zikinyesha kubwa, mto Nyando unamwaga matope na uchafu wa mashamba na miji, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Subiri siku kadhaa. Gugumaji nalo linasukumwa na upepo: leo pako wazi, kesho pamefungwa, na chini yake huwezi kujua kuna nini. Huku pia viboko wapo, kwa hivyo wavuvi wakikwambia usiingie mahali, usibishane nao.

La tatu ni kichocho, ugonjwa wa minyoo unaopatikana majini. Konokono wanakaa kwenye majani ya ukingoni, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na saa sita hadi saa tisa. Ingia mapema kutoka kwenye boti, mbali na majani, usikae ukipiga soga maji ya magotini. Hatari inapungua, haiishi.

Mbizi_wa_Umoja
Asante sana dada. Kisumu ni safari ya mfuko, lakini inawezekana. Kuna jamaa kazini anasema niende kwenye kwari za Juja, yale machimbo ya mawe yaliyojaa maji, ni karibu na hakuna mamba. Mnasemaje?

Laifgadi254
HAPANA. Mimi kazi yangu ni bwawa la hoteli, na kila likizo tunasikia watoto wamezama kwari. Mawe yale hukatwa kwa mashine, kwa hivyo ukuta unashuka wima kama wa nyumba. Unaruka kwa urahisi, kutoka ndiyo kazi: hakuna pa kukanyaga wala pa kushika, unakwaruza jiwe lenye utelezi mpaka mikono inachoka. Na maji yametulia, hayachanganyiki. Juu jua limeyapasha, miguu ikishuka unakuta baridi ya kukata pumzi. Mtu akishtuka anavuta hewa bila kupenda, na mdomo ukiwa chini anavuta maji. Mwogeleaji hodari hufa hivyo hivyo.

Kwa baridi ya bwawani Julai, ingia polepole, lowesha uso na shingo, toa pumzi ndefu kabla ya kuanza. Au uende saa nane badala ya alfajiri. Mazoezi ya maji ya wazi unaweza kuanza hapo hapo: geuka kabla ya kugusa ukuta, na kila mapigo machache inua macho utazame mbele.

MwanaMvita
Nyinyi wa bara mnahangaika na baridi, na Desemba huku ni msimu wa upepo wa kaskazi! Bahari inakuwa nyuzi 28 hivi. Suti ya nini? Kanuni za kimataifa za maji ya wazi zinairuhusu maji yakiwa chini ya 20, tena mashindano hayafanyiki yakizidi 31. Utakachopambana nacho ni joto, chumvi na kiu. Pesa ya suti panda treni uje mapema, Novemba upepo wa kusi umeshatulia. Ila uliza maji kwanza: bamvua, yale maji makuu, likitoka, sehemu nyingi utatembea juu ya mwani hadi karibu na mwamba.

Mbizi_wa_Umoja
Basi suti nimeachana nayo, na jamaa wa kwari nitamwambia. Kisumu mwezi ujao asubuhi na boti, Novemba Mombasa. Dada wa Dunga, dawa ya kichocho nimeze siku hiyo hiyo nikitoka majini?

Nyar_Dunga
La, mapema haifai. Praziquantel haiwaui minyoo wachanga. Ngoja kama wiki sita hadi nane, nenda hospitali upimwe, uwaambie uliogelea Victoria. Kipimo cha dawa kinafuata uzito wako. Ukipata homa au muwasho kabla ya hapo, usingoje. Na ukija niandikie huku, nikuonyeshe mwenye boti asiyewapunja wageni.