MJADALA: Mwanafunzi wa R.I. apite mpakani Kasumbalesa kwanza, ama protokole inatosha?

Bandugu wa Lubumbashi, na nyinyi wa Bukavu na Goma munaosoma hapa, naleta swali ambalo naona tunalizunguka tu miaka yote. Vijana wanajaza odituwari, kumbi za masomo, za Relations Internationales (uhusiano wa kimataifa), R.I. kama tunavyoiita, pale Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kwenye vyuo vingine, na karibu wote macho yako Brussels, New York, Pretoria. Viti vya ubalozi ni vichache na kila mzazi anajua hivyo. Sasa nauliza: staji (mafunzo ya kazini) kwenye duane, yaani forodha, ya mpakani iwe ya lazima kwa kila mwanafunzi wa R.I. mbele hajapata diplome, ama kila mtu aendelee kujitafutia pa kwenda? Mimi nasema iwe ya lazima. Anayepinga aje na sababu zake, bila matusi.

Mimi ni deklaran, najaza karatasi za mizigo kwenye duane, nashinda kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, kilometa karibu 90, barabara munaijua na foleni zake za makamyo. Ajensi yetu inapokea wastajeri. Mmoja wa R.I. alikuja, kijana ana akili kweli, anakutajia Mkataba wa Vienna wa 1961 kifungu kwa kifungu, kinga ya balozi, mfuko wa kidiplomasia usifunguliwe, yote anayo kichwani. Nikamuwekea dosye moja mezani, kamyo ya unga kutoka Zambia. Fakture imeandikwa unga, basi, hakuna kingine. Nikamwambia nitafutie namba ya tarifu, ile inayosema bidhaa ni ya aina gani ili kodi yake ijulikane. Akakaa kimya. Unga wa ngano ni 1101, unga wa mahindi ni 1102.20, na ukikosea hapo kodi inayodaiwa inaweza kubadilika, kamyo inalala parkingi, mwenye mali anahesabu hasara kila asubuhi na shoferi anapika chakula chini ya trela. Nikauliza tena, cheti cha asili ya bidhaa hiki ni cha COMESA, soko la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ama cha SADC, jumuiya ya Kusini mwa Afrika? Hakujua kama kuna tofauti. Na zile namba 6 za kwanza za tarifu si mambo ya karani wa Kasumbalesa, zinatoka Shirika la Forodha Duniani pale Brussels, zinatumika tangu 1988, nchi zilikaa mezani zikabishana mpaka zikakubaliana. Ile nayo ni diplomasia, tena ndiyo inayofika kwenye sahani yetu.

Angalieni vile nchi yetu imekaa. Tuko COMESA, tuko SADC, tuko CEEAC ya Afrika ya Kati, na tangu 2022 tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, zote 4 kwa mara moja, na juu yake kuna ZLECAF, eneo la biashara huru la bara zima. Zambia iko COMESA na SADC lakini haiko Afrika Mashariki. Tanzania iko SADC na Afrika Mashariki, COMESA ilitoka 2000. Angola tunakutana nayo SADC na CEEAC. Kwa hiyo mzigo ule ule ukitoka Ndola unaweza kuwa na karatasi tofauti na ukitoka Dar es Salaam, na kila mkataba una kanuni zake za kusema bidhaa hii imezaliwa wapi. Nani atajua kupita mle ndani kama si mtu wa R.I.? Huyo ndiye angepaswa kuwa fundi wetu, lakini anamaliza masomo akiwa hajawahi kushika fomu hata moja.

Na munakumbuka Agosti 2024. Kinshasa ilikuwa imekataza bia na vinywaji baridi vya kutoka inje visiingie, makelele yakaanza upande huu, Zambia ikafunga mpaka, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, mawaziri wakakaa na baada ya siku chache ukafunguliwa. Siku chache tu, lakini kwa mji ambao bukari (ugali) yake inategemea sana unga wa kule, na shaba yake inatokea pale pale kwenda Durban na Dar, watu walitetemeka. Ile kazi ya kuzuia mambo yasifike pale ingefanywa na nani? Na mtu anayejua protokole ya kupanga bendera?

Semeni.

*Asistanti wa chuo anajibu:*

Papa deklaran, nimekusoma kwa heshima ila sikubaliani. Unataka kugeuza fakilte kuwa shule ya ufundi. Kwa duane na biashara kuko ISC, chuo cha biashara, hapa hapa Lubumbashi, kila nyumba na kazi yake. Nchi iko na vita mashariki, tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Congo na Rwanda waliweka sahihi mkataba wa amani pale Washington, mwaka huo huo tumechaguliwa kukaa kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa 2026 na 2027. Pale hawatauliza namba ya unga, watauliza nani anajua kuandika azimio, nani anajua historia na sheria ya kimataifa. Na usiseme sheria hailipi. Congo ilipeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki pale The Hague 1999, ikashinda 2005, na Februari 2022 mahakama ikasema Uganda ilipe dola milioni 325. Ni deklaran gani alishaleta milioni 325 kwenye kasha ya serikali kwa dosye moja? Mwanafunzi tuna miaka michache tu ya kumuweka msingi, ukimtoa kumpeleka mpakani kuhesabu magunia atarudi na nini? Nadharia si mapambo. Mtu asiyejua kwa nini mataifa yanagombana atakuwa karani maisha yake yote, hata ukimpa kravati.

*Mwanafunzi, mwaka wa mwisho:*

Shikamoo wakubwa. Mimi niko upande wa papa deklaran lakini staji kwa karatasi ni tamu, kwa maisha ni ingine. Nilitafuta mwenyewe, ofisi moja ikaniambia wazi nilete kwanza "ya kahawa", yaani rushwa, ndiyo wasaini barua yangu, nikaondoka. Nyingine wakasema mpakani si mahali pa msichana. Na nauli, na kulala Kasumbalesa, nani analipa? Mukisema ya lazima bila kupanga hayo, mutakuwa mumewafungia njia watoto wa watu wasio na kitu, wale wa bakubwa watapata sahihi bila hata kufika.

Halafu kuna lugha. Tunasoma kwa Kifaransa mwanzo mpaka mwisho, na karatasi zinazovuka kutoka Zambia ni Kiingereza tupu, hata kazi za Arusha kwenye makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zinafanywa zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili tunacho tangu nyumbani, SADC ilikipokea kuwa lugha rasmi 2019 na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi 2022, lakini hakuna mtu alishanifundisha kuandika barua rasmi kwa Kiswahili, najua cha sokoni na cha kanisani tu. Memwari yangu, kazi ya kumalizia masomo, ni juu ya kobalti, serikali ilisimamisha kuiuza inje Februari 2025, kisha Oktoba ikaweka kota, kiasi kisichozidishwa cha kuuza inje, na kila nikitaka kuelewa kota inagusa nani nakwama kwenye karatasi za duane ambazo sijawahi kuziona. Asistanti, hapo nadharia inanisaidia namna gani?

*Deklaran anarudi:*

Mwanangu, marahaba, na asante, umesema kitu nilikiruka. Yule anayedai kahawa kwa mtoto wa shule anaharibu nchi, tusimung'unye maneno. Kwa hiyo natengeneza pendekezo langu: staji isitafutwe na mwanafunzi. Chuo kiandikiane na ajensi na ofisi, majina yatoke kwa dekani, watu waende kwa vikundi na basi ya chuo, warudi jioni Lubumbashi, na wasichana wapewe msimamizi mwanamke, wako wengi kwenye transit na wanajua kazi kutushinda. Wiki nne zinatosha. Na Kiingereza cha karatasi kianze mwaka wa kwanza, si mwaka wa mwisho.

Asistanti, kuhusu The Hague umenisaidia kuliko ulivyotaka. Congo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tukapewa milioni 325, na kwa mali ya asili iliyoporwa, dhahabu, almasi, koltani, milioni 60 tu. Kwa nini? Kwa sehemu kubwa mahakama iliona ushahidi wetu hautoshi. Sheria tulikuwa nayo, haki tulikuwa nayo, karatasi ndizo zilipungua: nini kilitoka, kiasi gani, kilipitia wapi, kilionekana kama mali ya nani kikifika upande wa pili. Vita vilifanya karatasi nyingi zisiwepo, nakubali, lakini hata zile za upande wa pili mtu lazima ajue kuzisoma na kuzipambanisha. Hiyo ndiyo kazi nataka hawa vijana waione kwa macho. Sisemi mufute nadharia, wala ISC isifanye kazi yake. ISC inafundisha kuuza na kununua, haifundishi kwa nini Lusaka inakasirika.

Sasa nijibu hili moja, asistanti, na wengine pia: siku Congo itakaporudi mahakamani juu ya madini ya Kivu, utampeleka nani akasome zile deklarasyo za upande wa pili, na amejifunzia wapi?