Balozi wa Shirika la Malta Umoja wa Ulaya: anawakilisha nini hasa?

Wanajamvi, nisaidieni. Shirika la Kijeshi la Malta, la Kikatoliki, lina balozi wake Brussels kwenye Umoja wa Ulaya. Nchi hawana. Jina lisiwachanganye: kisiwani Malta walifukuzwa na Napoleon mwaka 1798, na tangu 1834 wako Roma, jumba moja mtaa wa Via Condotti na jingine juu ya kilima cha Aventino. Hata hivyo pasipoti wanatoa, stempu wanachapa, na nchi zaidi ya 100 zina uhusiano wa kibalozi nao.

Kazi yao siibezi. Walianza na hospitali ya mahujaji Yerusalemu karne ya 11, leo wana hospitali ya wazazi Bethlehemu, na tawi lao la misaada, Malteser International, limefika mpaka Kongo. Ila kutibu watu kunahitaji ubalozi? Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inaingia vitani kila kukicha na haijawahi kujiita dola. Na kesho Waismailia, Waislamu wafuasi wa Aga Khan, wakitaka balozi Brussels, wataambiwa nini? Hospitali wanazo (Nairobi na Dar mnazijua), na Ureno ilishasaini nao mkataba mwaka 2015 wa kuweka makao ya Imamu wao Lisbon.

— Mkuu, unachanganya dola na ardhi. Papa mwenyewe alikaa bila ardhi tangu Italia ilipoichukua Roma mwaka 1870 hadi Mkataba wa Laterano 1929 uliompa Vatikani, na mabalozi waliendelea kwenda kwake. Halafu ubalozi si pambo. Dawa zikikwama forodhani, balozi anabisha hodi wizarani. NGO inapanga foleni. Waismailia wakiomba, wapewe tu, kuna ubaya gani?

— Hiyo ya 1870 umenishika, sikuifikiria. Lakini umenirudisha palepale kwa Papa. Mwaka 2017 Mkuu wa Shirika, Matthew Festing, alijiuzulu baada ya Papa Fransisko kumtaka aondoke. Septemba 2022 Papa huyohuyo akawatangazia katiba mpya na kulivunja baraza lao linalotawala. Hao ndio wanaojiita huru kama dola! Na Vatikani ina balozi wake Brussels tayari. Sasa huyu wa pili, siku Papa akisema hivi na Shirika likitaka vile, atasimama upande gani?